Tando zenye Unene wa Molekuli Moja: Hujipangaje, na Zitadumuje?

Kupaka kitu ili kukihifadhi ni maarifa ya kale. Mabaharia wa pwani ya Afrika ya Mashariki walipaka sehemu ya chini ya vyombo vyao deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili mbao zisiharibike upesi baharini. Mabati ya kuezekea nyumba hupakwa zinki, na milango hupakwa rangi. Mipako yote hii hufanana kwa jambo moja: ni minene. Ikichubuka kidogo juu, bado ipo akiba chini yake.

Katika makala haya tutaeleza habari za mpako usio na akiba hata kidogo. Huo ni utando wenye unene wa molekuli moja tu. Molekuli zake hazipakwi kwa brashi. Hujipanga zenyewe juu ya metali au kioo, kila moja ikiwa imeushika uso kwa mguu wake na kuelekeza kichwa chake nje. Ingawa ni mwembamba kiasi hicho, utando huu waweza kubadili tabia ya uso mzima: mahali palipokuwa pakilowa maji huanza kuyakataa, na metali iliyokuwa ikiliwa na kemikali hupata kinga. Lakini molekuli ikichomoka, hapana nyingine chini yake ya kushika nafasi. Ndiyo maana wanakemia wamejishughulisha kwa miaka mingi na swali hili: tando hizi zitadumuje?

Mtu aweza kudhani jibu ni rahisi, kwamba yatosha kutafuta gundi kali zaidi. Tutaona kwamba sivyo. Ulegevu uwezeshao molekuli kujipanga vizuri ndio huo huo uziwezeshao kung'oka.

KIJIKO KIMOJA CHA MAFUTA

Mwaka 1774 jarida la Royal Society ya London lilichapisha maelezo ya Benjamin Franklin, mwanasayansi wa Marekani, kuhusu jaribio alilolifanya katika bwawa la Clapham, nchini Uingereza. Alimimina juu ya maji mafuta yasiyozidi kijiko kimoja cha chai. Mafuta yalitanda kwa kasi, na eneo la karibu nusu eka likawa shwari.

Franklin hakupiga hesabu ya unene wa mafuta yale, lakini mwanafunzi aweza kuipiga. Tuseme kijiko kilichukua sentimita za ujazo 4. Nusu eka ni karibu mita za mraba 2,000. Ukigawanya ujazo kwa eneo utapata unene wa karibu nanomita 2. Na nanomita moja ni mita moja iliyogawanywa katika sehemu bilioni moja. Unene huo unakaribiana na kimo cha molekuli moja ya mafuta iliyosimama.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Agnes Pockels wa mji wa Braunschweig, Ujerumani, ambaye hakupata nafasi ya kusoma chuo kikuu kwa kuwa wanawake hawakupokelewa, alitengeneza nyumbani kwake chombo cha bati cha kupimia tando hizo juu ya maji. Barua yake ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1891 kwa msaada wa Lord Rayleigh. Mwaka 1917 Irving Langmuir wa Marekani alieleza kwamba molekuli za utando wa namna hiyo husimama majini zikiwa zimebanana, ncha moja ikiyapenda maji na nyingine ikiyakimbia. Alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1932. Mwenzake wa maabara, Katharine Blodgett, alionyesha mwaka 1935 jinsi ya kuzihamisha tando hizo kutoka majini na kuzilaza juu ya kioo, tabaka juu ya tabaka.

Hata hivyo, tando hizo zililala juu ya kioo bila kufungwa nacho barabara, na kwa hiyo joto au kiyeyushi kiliweza kuziondoa. Mwaka 1946 Bigelow, Pickett na Zisman, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya jeshi la majini la Marekani mjini Washington, walionyesha njia nyingine: kutumbukiza platini safi ndani ya mmumunyo na kuziacha molekuli zenyewe zitoke katika mmumunyo na kujipanga juu ya metali. Mwaka 1980 Jacob Sagiv wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, alitumia molekuli za silani juu ya kioo. Mwaka 1983 Ralph Nuzzo na David Allara wa Bell Laboratories, Marekani, walitumia molekuli zenye salfa juu ya dhahabu. Mifano hii miwili ya mwisho ndiyo iliyofungua mlango wa utafiti mkubwa unaoendelea hadi leo.

MGUU, SHINA NA KICHWA

Molekuli ifaayo kwa kazi hii ina sehemu tatu. Mguu ni atomi, au kikundi cha atomi, kinachoshika uso. Shina ni mnyororo wa kaboni na haidrojeni. Kichwa ni kikundi kilichoko mwisho wa mnyororo, nacho ndicho kinachokutana na ulimwengu wa nje.

Tuchukue mfano wa thioli yenye kaboni 18. Mguu wake ni atomi ya salfa. Kipande cha dhahabu safi kikitumbukizwa katika mmumunyo hafifu wa thioli hiyo ndani ya ethanoli, sehemu kubwa ya uso hufunikwa katika muda wa dakika chache. Lakini molekuli za kwanza hukaa ovyo. Nyingine zimelala, nyingine zimeinama huku na huku. Mpangilio mzuri huhitaji saa nyingi, na desturi ya maabara ni kukiacha kipande hicho usiku kucha. Mwishowe molekuli zote husimama zikiwa zimeinama upande mmoja kwa pembe ya karibu digrii 30, kila moja ikichukua eneo la nanomita za mraba 0.22 hivi. Tone la maji likidondoshwa hapo halitandai, bali husimama kama shanga, kwa sababu vichwa vya molekuli hizo ni vya haidrokaboni visivyopatana na maji.

Nguvu zinazoushika utando huu ni za namna mbili. Ya kwanza ni kifungo kati ya salfa na dhahabu, ambacho nishati yake ni karibu kilojuli 200 kwa moli. Kwa kulinganisha, kifungo cha kaboni na kaboni ndani ya shina kina nishati ya karibu kilojuli 350. Ya pili ni mvutano hafifu kati ya shina na shina la jirani, uitwao mvutano wa Van der Waals. Kila kiungo cha mnyororo huchangia kilojuli chache tu, lakini viungo 18 vikijumlishwa huleta makumi ya kilojuli. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na mvutano ambao peke yake haungeshika kitu huusaidia sana utando mzima kusimama wima na kubana mapengo.

KIBABA CHA MAHINDI

Sasa tujiulize: kwa nini molekuli zilizokaa ovyo mwanzoni huishia kupangika?

Mfikirie mtu anayepima mahindi kwa kibaba. Akiyamimina tu, punje hukaa zikiacha mapengo. Akikitikisa kibaba, punje huteleza, hugeuka na kushuka, na mapengo huzibwa. Lakini lau kila punje ingeganda mahali ilipoangukia, kutikisa kusingefaa kitu, na kibaba kingebaki na mapengo yake daima.

Molekuli nazo ni hivyo hivyo. Kinachozitikisa ni joto la kawaida la chumba. Salfa hushika dhahabu kwa nguvu ya kutosha kubaki, lakini si kwa nguvu ya kuizuia isisogee. Molekuli iliyokaa vibaya yaweza kuteleza juu ya dhahabu, au kuachia na nyingine ikashika nafasi yake, mpaka kosa lisahihishwe.

Silani, kwa upande wake, hutuonyesha hali iliyo kinyume. Molekuli ya silani iliyotumiwa na Sagiv ina atomi tatu za klorini mguuni. Ikikutana na maji kidogo yaliyoko juu ya kioo, klorini hutoka, na silikoni hujifunga kwa oksijeni, upande mmoja na kioo na upande mwingine na molekuli jirani. Wavu unaopatikana ni imara kuliko kifungo cha salfa na dhahabu, na haung'oki kwa urahisi katika viyeyushi vya kawaida. Lakini ukiisha kufungwa haufunguki tena ili kusahihisha kosa. Maji yakizidi, molekuli hufungana zenyewe kwa zenyewe ndani ya mmumunyo na kuanguka juu ya kioo kama madonge. Ndiyo sababu utando wa silani ni mgumu kuutengeneza mara mbili kwa namna ile ile.

Basi hapa ndipo kilipo kiini cha jambo. Anayetaka mpangilio mzuri hana budi kukubali ulegevu, na anayetaka uimara hana budi kuupunguza. Ufundi ni kupata vyote viwili.

MAADUI WA UTANDO

Utando wa thioli juu ya dhahabu una maadui wanne wakubwa.

Wa kwanza ni joto. Ndani ya kiyeyushi, halijoto ikipanda kupita digrii 70 hivi za Sentigredi, molekuli huanza kuachia na kuondoka.

Wa pili ni hewa. Ozoni, hata ile kidogo iliyomo katika hewa ya kawaida, pamoja na miali ya urujuanimno, huichoma salfa kwa oksijeni na kuigeuza kuwa sulfoneti. Sulfoneti haiishiki dhahabu vizuri, na huweza kuoshwa kwa maji au ethanoli. Utando waweza kuonekana mzima, kumbe miguu yake imekwisha kuoza. Ukioshwa ndipo unapoondoka.

Wa tatu ni molekuli nyingine zenye salfa. Katika damu na ndani ya seli zimo thioli za asili, kama vile sisteini na glutathioni. Hizi huingia penye nafasi na kuzisukuma zile zilizotangulia.

Wa nne ni umeme. Dhahabu ikipewa volteji hasi ya kutosha, kifungo cha salfa huvunjika na molekuli huachiliwa.

Mara nyingi uharibifu hauanzii katikati ya sehemu iliyopangika vizuri, bali huanzia penye pengo, au mahali ambapo dhahabu yenyewe ina ngazi na mipaka ya fuwele. Kwa hiyo mpangilio na uimara si mambo mawili yaliyotengana. Utando uliopangika vibaya ni nyumba iliyoachwa mlango wazi.

Madhara ya jambo hili huonekana katika tiba. Ziko sindano na nyuzi nyembamba za dhahabu zilizopakwa nyuzi za DNA zenye uwezo wa kuitambua dawa fulani ndani ya damu na kubadili mkondo wa umeme kwa kadiri ya wingi wa dawa hiyo. DNA hiyo hushikizwa kwenye dhahabu kwa mguu wa salfa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walitangaza kwamba waliweza kufuatilia kwa njia hiyo kiasi cha dawa, kama vile kanamisini, katika damu ya panya walio macho. Lakini kadiri saa zinavyopita, molekuli hung'oka na umeme hupungua. Daktari akiona kipimo kinashuka, ajuaje kama ni dawa inayopungua mwilini au ni utando unaopukutika? Watafiti hutumia hesabu maalumu kurekebisha kasoro hiyo, lakini hesabu haiwezi kuurudisha utando uliokwisha ondoka. Mgonjwa aliyepewa dawa kupita kiasi kwa sababu ya kipimo kisicho sahihi huweza kudhurika.

NJIA ZA KUUIMARISHA

Njia ya kwanza ni kutengeneza ardhi yenyewe. Dhahabu iliyosafishwa vizuri na yenye fuwele pana na laini huwa na mapengo machache. Kadhalika, mnyororo mrefu hushikana na majirani zake vizuri zaidi kuliko mfupi. Njia hii ni rahisi, lakini ina mpaka: mnyororo mrefu huzuia umeme usipite, na kwa hiyo haufai kwa vipimo vyote.

Njia ya pili ni kuipa molekuli miguu miwili au mitatu ya salfa. Mguu mmoja ukiachia, mwingine bado umeshika, na ule wa kwanza hupata muda wa kurudi mahali pake. Ili molekuli iondoke, miguu yote lazima iachie kwa wakati mmoja, jambo ambalo hutokea kwa nadra. Lakini hapa pia kuna gharama. Miguu ikiwa mingi, kitako cha molekuli hupanuka, mashina hutengana, na mvutano baina yao hupungua.

Njia ya tatu ni kuchagua mguu unaopatana na ardhi. Oksidi za metali, kwa mfano, hupatana na asidi za fosfoniki kuliko zinavyopatana na salfa. Jambo hili limepata umuhimu katika umeme wa jua. Mwaka 2020 watafiti wa Berlin, pamoja na wenzao wa Kaunas, Lithuania, walitangaza seli ya jua ya perovskiti na silikoni iliyogeuza asilimia 29.15 ya nishati ya mwanga kuwa umeme, ambayo ndani yake mlikuwa na utando wa asidi ya fosfoniki wenye unene wa molekuli moja, kazi yake ikiwa ni kupitisha chaji. Seli kama hiyo hutakiwa kufanya kazi juani kwa miaka mingi. Ikiwa molekuli hazikushika vizuri, kiyeyushi kinachotumika kupaka tabaka linalofuata huweza kuziosha hata kabla seli haijakamilika.

Njia ya nne ni kujipanga kwanza na kufungwa baadaye. Mwaka 1999 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walitumia thioli ambazo mashina yake ni pete mbili za benzini. Waliziacha zijipange juu ya dhahabu kwa ulegevu wake wa kawaida, kisha wakaupiga utando kwa elektroni zenye nishati ndogo. Pete za jirani ziliungana, na utando ukawa kama mkeka uliokwisha sukwa. Mkeka huo huhimili joto ambalo lingeuangamiza utando wa kawaida, na waweza hata kubanduliwa ukabaki kipande kimoja. Ni vema kuangalia kwamba elektroni hizo hizo zikipiga minyororo ya kawaida ya haidrokaboni huivuruga badala ya kuiimarisha. Shina ni lazima liandaliwe kwa ajili ya kufungwa.

Njia ya tano ni kubadili mguu kabisa. Mwaka 2014 Cathleen Crudden, J. Hugh Horton na wenzao wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kanada, walieleza tando zilizoshika dhahabu, si kwa salfa, bali kwa atomi ya kaboni iliyo ndani ya pete yenye naitrojeni mbili. Molekuli za jamii hii huitwa kabeni. Kifungo cha kaboni hiyo na dhahabu ni cha nguvu kuliko kile cha salfa. Tando zile zilivumilia kuchemshwa, zikavumilia asidi na besi, na pia peroksidi hafifu ya haidrojeni, mambo ambayo huziharibu tando za thioli.

Lakini je, kifungo chenye nguvu kiasi hicho hakiizuii molekuli kusogea na kujipanga? Jibu lilipatikana mwaka 2017 kutoka Münster, Ujerumani. Watafiti waligundua kwamba baadhi ya kabeni huinua atomi moja ya dhahabu kutoka katika uso, kisha husafiri pamoja nayo kama mtu aliyepanda juu ya mpira unaobiringika. Molekuli haiachi kifungo chake. Hukichukua na kwenda nacho. Kwa namna hiyo huweza kushika kwa nguvu na bado ikatembea mpaka mahali pake. Hata hivyo si kila kabeni hufanikiwa sawasawa. Vikundi vilivyoko ubavuni mwa pete, pamoja na namna ya kutengeneza utando, ndivyo huamua kama utapangika na kudumu.

JARIBIO LA DARASANI

Shule yenye asidi ya oleiki yaweza kupima kimo cha molekuli. Changanya ujazo mmoja wa asidi hiyo na ethanoli mpaka upate ujazo 1,000. Fanya hivyo mbali na moto, kwa kuwa ethanoli huwaka upesi. Jaza maji safi katika sinia pana yenye kipenyo cha sentimita 40 au zaidi, iliyooshwa mpaka isiwe na mafuta wala sabuni. Nyunyiza juu yake unga laini wa chaki, kisha dondosha tone moja la mmumunyo katikati. Unga utakimbia na kuacha duara. Ethanoli itatoweka, na utando wa asidi utabaki.

Pima kipenyo cha duara. Kama tone lilikuwa na sentimita za ujazo 0.05, asidi iliyomo ni sentimita za ujazo 0.00005. Duara likiwa na kipenyo cha sentimita 18, eneo lake ni karibu sentimita za mraba 254, na unene wa utando ni karibu nanomita 2. Baada ya kupima, puliza polepole ubavuni mwa duara. Utaona linasogea kwa pumzi tu, kwa sababu maji hayawezi kuwa nanga. Hiyo ndiyo tofauti kati ya utando unaoelea na utando ulioshikwa na kifungo cha kikemia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ikiwa kila molekuli ya thioli huchukua nanomita za mraba 0.22, je, molekuli ngapi zinaweza kusimama juu ya sentimita moja ya mraba ya dhahabu?

2. Utando mmoja una molekuli zenye miguu mitatu lakini mashina yaliyotengana; mwingine una molekuli za mguu mmoja lakini mashina yaliyobanana. Upi ungeuchagua kwa chombo kitakachowekwa ndani ya damu, na upi kwa chombo kitakachowekwa katika hewa kavu? Toa sababu.

3. Kwa nini utando ulioachwa juu ya meza kwa majuma kadhaa huonekana mzima mpaka utakapooshwa kwa ethanoli?